Hukusema Chumvi Ilikuwaje

Mwanangu Subira,

"Yule mwanamke hakuwa mpishi. Alikuwa kicheko chenye sufuria."

Hivyo ndivyo alivyosema Anko Kilonzo Jumapili iliyopita mezani kwetu, akijipakulia pilau ya mama yako kwa mara nyingine. Alikuwa anamzungumzia marehemu Miss Verna. Aliyasema kwa raha, kama mtu anayekariri methali, kisha akakugeukia wewe uliyekuwa umeshika jagi la maji. Akakuambia ujihadhari, maana nawe unakwenda London kupika mbele ya kamera, na watu wa televisheni hawataki chakula cha Mwafrika, wanataka meno yake.

Sentensi hiyo ni ya uongo, na katika barua hii nitaivunja neno kwa neno, kama nilivyozoea kuzivunja za watu wengine. Lakini kwanza lazima nikujibu swali uliloniuliza pale pale, kwa Kiingereza chako cha Birmingham, mbele ya wageni. Uliuliza kama ni kweli maneno hayo ni yangu. Kilonzo alikuwa amekwisha kukujibu. Alinipiga begani akasema, "Muulize baba yako. Mwenyewe ndiye huyu. Mimi nimeazima tu." Ukanitazama. Na mimi, ninayebishana na madereva wa basi, na wachungaji, na redio hata ikiwa imezimwa, nikaitazama sahani yangu.

Ndiyo, Subira. Niliyaandika mimi.

Tangu siku hiyo unanisalimia vizuri. Unaniambia asante nikikupitishia chumvi. Nyumba hii haijawahi kuwa na adabu kiasi hiki, na adabu yako inaniuma kuliko tusi. Kesho asubuhi unaondoka. Sitaki upande treni ukidhani baba yako anaona unakwenda kuwa kikaragosi.

Naandika kwa Kiswahili. Najua unakisoma polepole, na ndivyo ninavyotaka, usome polepole. Kiingereza changu nimekitumia kupigana kwa miaka mingi mno. Kila nikikishika kinakunja ngumi chenyewe. Habari za koti zito, ufunguo wa akiba, na watu wa kutofunguliwa mlango, mama yako amekwisha kukueleza na atakueleza tena kesho stesheni. Mimi nina habari ya sufuria moja tu.

Wewe ulimjua Miss Verna akiwa mzee. Ulimjua katika ule ukumbi wa nyuma ya maduka hapa Shard End, kila Jumamosi, akiwafundisha watoto wa mtaa kushika kisu na kuwafinya sikio waliofunua wali kabla haujaiva. Mimi nilimjua akiwa na mgahawa Handsworth na nchi nzima inajua sauti yake. Nilikuwa nimekuja kusoma siasa. Mimi na Kilonzo tulipanga chumba Selly Oak, katika nyumba ya wanafunzi yenye ukuta wa ukungu, tukisoma vitabu vyote vilivyoeleza kwa nini dunia iko ilivyo, tukingojea dunia ije kutuomba ushauri. Ilipokawia, nilitafuta kazi ya kuosha sufuria kwa Miss Verna. Sote tulimwita hivyo, Miss Verna, kama Wajamaika wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu. Yeye aliniita Profesa tangu siku ya kwanza, kwa sababu nilikuja kazini na kitabu kwapani.

Maisha yake aliyasimulia vipande vipande akiwa anakata vitunguu, na huenda wewe umesikia vipande vingine. Alizaliwa milimani Jamaika, akalelewa na nyanya yake wakati wazazi wametangulia Uingereza. Walipomwita awafuate alikuwa msichana mdogo. Alifika uwanja wa ndege akakabidhiwa mwanamke asiyemjua, akaambiwa huyu ndiye mama yako, na wote wawili wakaona haya. Shuleni hapa Birmingham mwalimu hakumuuliza anapenda nini. Alimwelekeza darasa la upishi kwa kumtazama tu. Alichemsha kabichi katika kantini ya kiwanda kimoja mpaka akaichukia harufu yake. Jioni aliimba vilabuni. Bendi zilikuwa zinachelewa, na mtu akiwa peke yake jukwaani lazima aseme kitu, basi akajifunza kuchekesha. Kisha akafungua mgahawa.

Televisheni ilimjia kwa mlango wa nyuma. Walikuwa wamekuja Handsworth kupiga picha madirisha yaliyovunjwa katika vurugu. Walipomaliza na madirisha, mkubwa mmoja London akataka kitu cha kupendeza kutoka mtaa ule ule, ili mizani ikae sawa. Wakamchukua Miss Verna, wakamweka kwenye kipindi cha asubuhi. Siku hiyo ya kwanza samaki aliteleza kutoka sahanini akaangukia mapajani mwa mtangazaji, moja kwa moja hewani. Miss Verna akacheka. Kicheko kirefu, cha kupanda ngazi, kilichoingia katika nyumba za watu waliokuwa wanavaa soksi. Simu zikalia. Wakamwita tena, na tena. Baadaye ikawa michezo ya maswali, michezo ya jukwaani ya Krismasi, sahani ya santuri, kiangazi kizima katika kumbi za miji ya pwani. Mwanamke wa kabichi akawa mtu wa nchi.

Sasa sikiliza habari yangu mimi.

Siku yangu ya kwanza jikoni aliniambia niloweke zile 'peas' za wali. Nilikijua Kiingereza vizuri kuliko Waingereza wengi, hivyo nilijua anachotaka: minji, zile za kijani zilizochorwa katika kitabu chetu cha shule ya msingi. Nilitafuta stoo yote. Nilizikuta kwenye friza, katika mfuko aliowawekea wateja waliotaka chipsi. Nikazimimina kwenye beseni la maji. Pembeni palikuwa na gunia la mbegu ndogo za kahawia, na nililipita mara mbili kwenda na kurudi.

Miss Verna akaja, akachungulia beseni. Hakutoa sauti. Mabega yalianza kutikisika, machozi yakamtoka, akashika meza asianguke. Alipopata pumzi akauliza, "Profesa, unaziogesha au unazibatiza?"

Kisha akaenda kwenye gunia, akachota, akanimiminia kiganjani. Nikatamka kabla sijafikiri. "Mbaazi."

Zilikuwa mbaazi, Subira. Kitu nilichokula kila asubuhi ya utoto wangu. Nilikipita mara mbili kwa sababu Kiingereza hakikuwa kimenitambulisha kwacho.

Alitaka nilirudie neno. Nikajikuta namsimulia jambo nisilomwambia mtu yeyote nchi hii: kwamba mama yangu, nyanya yako, alikuwa anauza mbaazi na mahamri mlangoni petu Changamwe, kwamba tui jepesi hutangulia na tui zito huja mwisho, kwamba pilipili mbuzi huwekwa nzima juu, ikaelea, na ole wako ikipasuka. Aliacha kutikisika. Akasema nyanya yake kule milimani alikuwa anafanya hivyo hivyo, pilipili nzima, ole wako ikipasuka. Kwao waliziita gungo, na nyanya yake alishikilia kwamba jina hilo lilikuja na watu wa Kongo. Akanitazama sana. "Basi mimi na wewe tumekula sufuria moja," akasema. "Yangu ilivushwa maji mapema, ndiyo tofauti."

Ungedhani mtu aliyeambiwa maneno kama hayo angeyatunza. Lakini kuna jambo hukulijua. Shuleni Changamwe niliitwa Mbaazi. Nilinuka nazi darasani, na wenzangu walinipigia kelele uwanjani kuuliza kama leo zimebaki. Niliposhinda masomo, nilidhani nimelishinda jina. Nilipopanda ndege, nilidhani nimelizika.

Wiki iliyofuata, katika kipindi chake cha asubuhi, Miss Verna aliinua kiganja chenye mbegu, akaiambia nchi nzima kwamba jikoni kwake yuko kijana wa Mombasa anayeziita mbaazi, na mama yake anaziuza mlangoni, na huyo mama ni mpishi mwenzake. Kisha akaangusha kile kicheko. Kilonzo na vijana wote wa Selly Oak walikuwa wanatazama. Niliporudi nyumbani Kilonzo alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono. "Karibu, Bwana Mbaazi," akasema. "Umetajwa kwenye televisheni. Tukupikie au utatupikia?"

Basi nikaandika. Kurasa mbili katika kijarida chetu cha wanafunzi Waafrika, kilichochapwa kwa mashine na kutolewa nakala. Nilisema kwamba huyu mwanamke anapima heshima ya mtu mweusi kwa kijiko na kuiuza asubuhi pamoja na chai. Nilisema mtu anayecheka mbele ya watu waliowavunjia watu wake milango ni mtumishi wa nyumbani aliyewashiwa taa za studio. Nilimaliza kwa sentensi ile. Ilisifiwa kutoka Selly Oak mpaka Nechells, upande wa pili wa mji. Kilonzo aliikariri siku hiyo hiyo, naye akaacha kuniita Mbaazi, na nikaona nimelipwa.

Nilijiambia natetea heshima ya watu weusi wote. Nilikuwa namtetea mvulana mmoja aliyenuka nazi.

Kijarida kikasahauliwa na mteja mezani Handsworth. Miss Verna alikisoma amesimama kando ya jiko, miwani puani, wali wake ukimalizikia. Jina langu lilikuwepo kamili. Hilo angalau sikulificha. Nilikuwa nimekwisha kuandaa hotuba ya mtu anayefukuzwa kazi kwa kusema kweli, na ilikuwa hotuba nzuri. Alikikunja, akakiweka mfukoni mwa aproni.

"Unaandika vizuri, Profesa," akasema. "Kurasa mbili kuhusu mpishi, na hukusema chumvi ilikuwaje."

Akanipakulia sahani yangu kama kila siku. Nami nikala. Nilikuwa nakula pale kila siku ya kazi, Subira. Nilimhukumu mpishi mdomo wangu ukiwa umejaa chakula chake. Moyoni nilisema, maskini, hajaielewa hoja. Imenichukua sehemu kubwa ya maisha kutambua kwamba hoja ilikuwa hiyo aliyoitaja yeye.

Kiswahili kilinipa kila nafasi ya kutokosea. Kucheka ni jambo moja. Kumcheka mtu ni jambo jingine kabisa, na kati yake imesimama silabi moja tu. Kuchekesha ni kazi. Kuchekwa ni jeraha. Mtoto wa miaka mitatu Mombasa hawezi kuyachanganya. Mimi niliyefuga maneno kama kuku niliyachanganya yote: yeye alicheka, nami nikasikia ananicheka.

Haya, tuivunje sentensi.

"Kicheko," nilisema. Alikuwa na vicheko viwili, na nilivijua vyote. Siku moja nilikwenda naye studio kumbebea vyungu. Maelezo ya kipindi yalikuwa yamechapwa, na mahali fulani palikuwa pameandikwa kwamba hapa Verna anacheka. Mtu nyuma ya kamera aliinua mkono, na Miss Verna akatoa kicheko kama abiria anavyotoa nauli. Wote wakautazama uso wake. Mimi nilikuwa pembeni, na niliona mkono wake wa kushoto ukipunguza moto. Hicho kilikuwa kicheko cha kazi. Kicheko chake mwenyewe hakikuwa na sauti. Kilikuwa kile cha mabega, cha machozi, cha kushika meza. Alikitoa kwa watu wa jikoni tu. Siku ya minji alinipa kile, na mimi nikakidai heshima yangu kama mtu aliyetukanwa.

"Hakuwa mpishi," nilisema. Kule studio walitaka kuupaka wali mafuta ung'ae mbele ya taa, na nyama ibaki mbichi ndani maana hakuna atakayeila. Alikataa. Alisema hajawahi kuweka mezani kitu kisicholiwa na hataanza leo, hata kama ni mbele ya Malkia. Kipindi kilipoisha, wapiga picha na mafundi wa taa walijipanga na sahani, na ndipo alipokagua kazi yake, kwa kutazama kilichobaki kwenye chungu.

Sitadanganya ili nishinde; tabia hiyo nimeifuata vya kutosha. Wapo waliomcheka. Kuna watoto weusi wa mji huu walioigiziwa kile kicheko uwanjani shuleni kesho yake, na mama zao walimchukia kwa hilo, na sikuwalaumu wala siwalaumu leo. Yeye alilijua. Nilimtupia jambo hilo jikoni siku moja, kwa ukali, akaendelea kukata vitunguu. Akasema anajua kinachotendeka uwanjani, kwa sababu yeye pia aliwahi kusimama katika uwanja kama huo, na hakuwa na kicheko cha kujikingia. Halafu akaniuliza nimewapikia nini hao watoto, mimi na kijarida changu.

Niliacha kazi pale nilipopata nyingine yenye meza na kiti. Sikuaga vizuri. Baada ya miaka kadhaa akaja mkubwa mpya kwenye televisheni, akasema watazamaji wamemchoka. Na ni kweli kwamba nchi inayokupenda kwa jambo moja huchoka na jambo hilo. Mgahawa ukafungwa. Nilisikia, na sikwenda. Nilikuwa na mikutano. Nimeshinda mabishano mengi katika mji huu, mwanangu, na mengi siyakumbuki yalihusu nini, lakini nakumbuka ni milo mingapi ya jioni niliikuta imefunikwa kwa sahani na wewe umekwisha kulala. Yaani sikumbuki idadi. Nakumbuka ile sahani, ile ya maua ya buluu.

Mama yako ndiye aliyeliona tangazo la darasa la Jumamosi hapa madukani. Mara ya kwanza nilipokupeleka mimi, alikuwa amesimama mlangoni pa ukumbi, mvi kichwani, amepungua mwili. Hakushangaa. "Profesa," akasema, "umeniletea minji?" Akakuvuta wewe ndani kwa mkono. Mimi nilirudi garini nikafungua gazeti. Miaka yote ile nilisubiri garini, mvua au jua. Ulikuwa unatoka na kibakuli kilichofunikwa ukisema Miss Verna amesema hiki ni cha Baba, nami nikikujibu mpe mama yako. Sasa nikuambie: nilikuwa nakula. Ulipopanda juu kunawa, nilikula jikoni nimesimama, nikakiosha kibakuli nikakifuta, ili usijue.

Tulimzika majira ya baridi. Unakumbuka ardhi ilivyokuwa ngumu, na lile tingatinga la makaburini lililozimwa pembeni, dereva wake akivuta sigara akisubiri, kwa sababu Wajamaika hawakubali mtu wao afukiwe na mashine. Walishika mabeleshi wenyewe, wanaume waliovaa suti, na wanawake wakaimba mpaka udongo ukajaa. Uliingia mstarini na viatu vyako vizuri. Nilikuona ukichota udongo kwa mgongo ulionyooka kama alivyokufundisha kukoroga. Nikavua koti nikakufuata. Huko kwetu nako tungefanya vivyo hivyo, nikawaza, na nikaona aibu kwamba nimehitaji kaburi ili niwaze hivyo.

Kisha ukumbini kulikuwa na wali wa mbaazi, na uliupika wewe, katika chungu chake kikubwa. Watu walikuja na sahani wakarudi tena na sahani. Mimi nilikuwa kwenye kona nikibishana na mtu wa halmashauri ya mji. Ulinijia, mikono imelowa, ukaniuliza kwa Kiswahili, wewe ambaye hunijibu Kiswahili hata nikikubembeleza: "Baba, chumvi ikoje?"

Nikainua mkono. Nikakuonyesha kidole, usubiri, nimalize hoja.

Hukurudi. Na mimi sikukufuata.

Ndiyo maana Jumapili Kilonzo alipotamka yale, kilichonifunga mdomo kilizidi haya ya mtu aliyekumbushwa ujinga wa ujana. Niliona kwamba nimelirudia kosa lile la kijarida. Nimekutazama ukiwa mpishi tangu ukiwa mtoto, nimekuhubiria juu ya televisheni na Wazungu na historia tangu siku uliyopata hii kazi, na sijawahi hata mara moja kukuambia chakula chako kina ladha gani. Uliona baba anayenyamaza kwa sababu anakubaliana na Kilonzo. Kumbe ni mtu aliyekuwa na deni la jibu moja fupi na hajui aanzie wapi.

Hili hapa. Chumvi ilikuwa sawa, Subira. Ilikuwa chini kidogo ya pale ambapo mtu mwenye hofu angeiweka, ili tui lisikike. Pilipili haikupasuka. Mbaazi zilikuwa laini bila kurojeka, na tui la mwisho ulilitia wakati moto umekwisha kushuka, kama nyanya yako. Wala hukuwahi kumwona nyanya yako akipika mbaazi. Alikuwa ameacha ulipofika Mombasa. Lile jambo lilitoka Changamwe kwangu, likapita kwa mwanamke wa Jamaika, likakufikia wewe Shard End. Mimi peke yangu ndiye niliyetaka likatike.

Mama yako ameniambia habari ya kilemba. Ameniambia watu wa televisheni wanataka uvae kitenge kichwani, na uongee kwa lafudhi ya nyanya yako, wewe mtoto wa Shard End, na kwamba ulimwomba asiniambie mimi kwa sababu uliogopa nitawaandikia barua. Ulifikiri sawasawa. Barua hiyo ilikuwa tayari kichwani mwangu kabla hajamaliza kusema, na ilikuwa nzuri, na ingekufukuzisha kazi kabla hujafika. Sitaiandika. Juu ya kilemba sina amri. Ukikivaa, sitakuita jina. Ukikitupa, sitakupigia makofi kana kwamba umenitupia mimi. Miss Verna alivaa alichopewa, na huenda alilipa bei ambayo hakunionyesha. Alikuwa mtu wa kuficha uchungu chini ya kifuniko. Nijualo ni nilichokiona kwa macho yangu: wakati wao wanatazama meno, mkono wake ulikuwa kwenye moto. Watakuomba kicheko. Unacho cha kazi, nimekisikia ukikitumia kwa wageni wa baba yako. Kile cha mabega, kile cha Miss Verna jikoni, usikiweke kwenye maelezo ya kipindi.

Sasa nimeinuka mara ya tatu kwenda kutazama jiko. Mama yako yuko kazini kwa wagonjwa wake, na angekuwapo angeniondoa jikoni kwa nguvu. Nimeloweka mbaazi tangu jana, mbaazi kweli, nimenunua kwa yule Mjamaika wa sokoni, nikaziita gungo akaniambia, "Kwa mara ya kwanza leo, mzee, umesema jambo la maana." Sijawahi kupika mbaazi maisha yangu yote. Pilipili moja imepasuka. Nimeitoa, lakini imekwisha sema ilichotaka kusema.

Na wewe Kilonzo, najua mwanangu hawezi kuwa mkali kwako, basi nitakusomea sehemu hii mimi mwenyewe Jumapili. Sentensi ile ni yangu, na ninaiondoa. Usiitamke tena mezani kwangu, wala ukumbini Nechells, wala kwenye harusi za watu unapopewa kipaza sauti. Ukitaka kumsema mpishi yeyote, wa kaburini au wa London, anza kwa kula, kisha useme kwanza chumvi ilikuwaje. Kama huna la kusema juu ya chumvi, pitisha pilau.

Subira, bakuli la kijani nimeliweka juu ya sanduku lako, nimelifunga kwa taulo. Usinisamehe kwa adabu mlangoni. Usiniambie asante. Treni ikishatoka stesheni ya New Street, lifungue, onja, halafu unipigie simu uniambie chumvi ikoje. Na kama imeharibika, niambie imeharibika.

Baba yako,
mtoto wa muuza mbaazi